Radi ya Ziwani kwa Kamera ya Laki Saba

Jana usiku ziwa limewaka tena. Kuanzia saa nane mpaka karibu na alfajiri, radi juu ya radi, na leo asubuhi simu zote za Mwanza zina video ileile moja: giza, ukingo wa bati, giza, mwanga mweupe nusu ya kioo, halafu sauti ya mtu mzima mwenye familia akisema "duh!" Maajabu yote yale, kilichobaki ni "duh".

Ndipo mtu mstaarabu, mlipa kodi, anapoamua kwamba sasa basi. Kile kikamera cha zamani kistaafu, itafutwe kamera ya video ya kueleweka. Bajeti laki saba. Msicheke. Hiyo laki saba imepita katikati ya ada, uniti za umeme na michango mitatu ya harusi, ikatoka hai.

Basi unaingia dukani. Hujamaliza hata salamu, kijana ameshatua kiboksi juu ya kaunta. Kina maandishi mengi kuliko katiba.

"Bosi, mzigo mpya huu. 4K, megapikseli 48, zumu ya kufa mtu. Inavuta mpaka mwezini."

Mwezini kuna radi? Radi iko kilomita ishirini kutoka hapa na haitoi taarifa itapiga wapi. Mpiga picha za radi anahitaji kupanua, siyo kuvuta. Lenzi ianzie milimita 26 hadi 29 kwa kipimo cha kamera kubwa (namba ndogo ndiyo inayoona upana), zaidi ya hapo ni sawa na kutazama maandamano kupitia dirisha la choo. Na hiyo zumu ya kwenye boksi nusu yake ni ya dijitali, yaani kamera inakata kipande cha picha na kukitanua kama chapati.

"Sawa, mdogo wangu. Sensa yake ina ukubwa gani?"

Anamgeukia mwenzake. Mwenzake anakuna kichwa. "Sensa si ilishafanyika, mzee? 2022."

Wanacheka. Na mteja ukicheka ujue umeliwa, maana sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ndiyo kamera yenyewe. Ile Sony HDR-CX405 mnayoiona kila mahali ina sensa ya inchi 1/5.8, kitu kama punje ya mchele. Mchana, kwenye ubatizo, haina neno. Usiku ikikosa mwanga inajiongezea geini, yaani inaukuza kwa nguvu ule mwanga kidogo, na geini ikipanda unapata chenga kama za televisheni yenye antena iliyoanguka. Sony FDR-AX53 ina 1/2.5. Canon LEGRIA HF G30 ya 2013 ina 1/2.84 na pete ya kuzungushia fokasi kwa mkono. FDR-AX100 ya 2014 ina sensa ya inchi nzima, na zumu yake ni mara 12 tu. Mara 12! Mwambie kijana wa dukani hivyo akuonee huruma.

"Unayo AX100?"

"Ipo." Kumbe ipo. Inatolewa chini ya kaunta, imefungwa kwenye kitambaa kama dawa. "Hii ni yangu binafsi, haijatumika." Mkanda umechakaa kama wa begi la posta.

Hapa ndipo shida ya mtumba inapoanza, na hapa ndipo usione aibu. Washa tochi ya simu, mulika lenzi kwa upande. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, unyevu wa kwetu unaipenda, na haifutiki kwa fulana. Funika lenzi, pandisha geini, rekodi dakika moja, kisha tazama kwenye kioo kikubwa: kila kinukta cheupe au chekundu kisichohama ni pikseli mbovu, na angani usiku kitang'aa kuliko nyota. Vuta zumu mwanzo hadi mwisho sikio likiwa karibu, mota isikwaruze. Rekodi dakika kumi mfululizo, maana kuna betri za bandia zinazokata roho dakika ya nane.

"Mzee, unanunua kamera au unaoa?"

Endelea tu. Fungua menyu. Ukikuta 60p na 60i (picha 60 kwa sekunde) bila 50, kamera imetokea Marekani au Japani. Chini ya umeme wetu wa hezi 50 taa za barabarani zitapepesa, mpaka uweke shata, ule muda wa kila picha kupokea mwanga, kwenye 1/100 ya sekunde. Ukikuta menyu yote ni Kijapani kitupu, usiambiwe inabadilishwa. Zile za soko la Japani mara nyingi hazibadilishwi.

"Bei?"

"Milioni moja na laki nne. Kwa sababu ni wewe."

Kwa sababu ni mimi! Sasa ingekuwa mwingine ingekuwaje? Hapo heshima inaisha, mtu mzima anajikuta anabishana kwa sauti kuhusu kuvu na kijana aliyezaliwa baada ya kanda kufa. Na kanda zenyewe, nani aliwaambia ni takataka? Zile kamera za zamani zenye sensa za aina ya CCD zilinasa fremu yote kwa mkupuo, radi ikatoka nzima. Hizi za sasa, za aina ya CMOS, zinasoma mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini. Radi ikipiga katikati ya kusoma, juu giza, chini nyeupe, kama bendera. Dawa kamili hakuna. Rekodi fremu 25 kwa sekunde, shata 1/25, mistari mingi ipate mwanga kwa pamoja, kasoro inapungua.

Memori nazo zina wizi wake. Imeandikwa GB 128, ndani mna 8. Ijaze kwanza kwa programu ya kompyuta iitwayo H2testw kabla hujaiamini. HD ya Mbps 28 inakula kama GB 12.6 kwa saa. 4K ya Mbps 100 inakula 45 na inataka memori ya kasi, yenye alama U3.

Stendi nzito, ining'inizie mfuko wa mawe. Ukishaisimamisha, zima kitulizaji picha, la sivyo kitahangaika kutuliza kitu kilichotulia.

Fokasi ya otomatiki iue mapema. Gizani inapiga mbizi mbele na nyuma, na radi haisubiri. Lenga taa za wavuvi wa dagaa kule mbali, zikichongoka, funga hapo. Mizani ya rangi (white balance) ifunge kwenye alama ya jua. Geini isizidi dB 12.

Mvua je? Zamani ungeivalisha rambo. Rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo kamera ya laki saba inavaa kofia ya kuogea ya mama watoto, yenye maua. Nayo inatosha vizuri tu, ndiyo inayoudhi.

Na usiende kusimama ufukweni na stendi ya chuma kama mlingoti. Hesabu kuanzia mwanga hadi ngurumo: sekunde tatu ni kilomita moja. Sekunde zikishuka chini ya thelathini, ingia nyumba yenye kuta, siyo kibanda cha chipsi. Ziwa lenyewe linakusaidia, maana usiku nchi kavu inapoa, upepo unatoka pande zote kwenda kukutana juu ya maji yenye joto, mawingu yanajijenga huko huko mbali. Kwa hiyo unapiga ukiwa dirishani, taa zimezimwa. Taa kuzimwa siyo tatizo, huwa tunasaidiwa.

Tatizo ni watu. Kamera ikionekana tu, jirani keshajua. "Baba Neema, nasikia una kamera kubwa? Jumamosi mtoto ana kipaimara." Bure, bila shaka, soda utapewa. Utawapanga mashangazi kumi na wanne kwenye mstari mmoja, mjomba atakuja kuchungulia kiooni, atatikisa kichwa: mbona haivuti? Halafu pilau itaishia meza ya mbele, sisi wa kamera tuletewe ukoko, na viti vyenyewe vya kukodi, kimoja mguu...