Dhaifu Maabarani, Imeenea Duniani: VVU Aina C na Kipimo cha Seli

Katika majaribio ya kushindanisha virusi, ambapo aina mbili za VVU huwekwa pamoja kwenye chembechembe nyeupe za damu na kuachwa zigombanie seli, aina C ya VVU-1 (kirusi kilichoenea zaidi kati ya vile viwili vya Ukimwi, VVU-1 na VVU-2) mara nyingi huangushwa na aina B, ambayo nayo ni ya VVU-1. Ajabu ni kwamba hiyo C inayoangushwa ndiyo yenye karibu nusu ya maambukizi yote duniani, ilhali B ina sehemu ndogo tu. Je, kisahani cha maabara, yaani kipimo cha seli nje ya mwili, kinatudanganya?

Wanaokitetea wana hoja nzito. Kila mgonjwa ana jeni zake na historia yake ya maradhi. Kisahani huyaweka kando hayo yote, na tofauti inayobaki huweza kuhusishwa na kirusi chenyewe. Ndivyo ilivyobainika, kufikia mwaka 1996, kwamba ili kuingia ndani ya seli VVU havitosheki na kipokezi cha CD4 kilicho juu yake, bali huhitaji pia kipokezi cha pili, CCR5 au CXCR4. Mfano unaonivutia zaidi ni VVU-2, yenye protini iitwayo Vpx inayoiharibu SAMHD1, mlinzi wa ndani ya makrofaji na seli za dendritiki (zote ni seli za kinga) anayevinyima virusi malighafi ya kujengea DNA. VVU-1 haina Vpx. Siri hiyo isingefumbuka kwa kumtazama mgonjwa kitandani.

Hata hivyo, seli ya kisahani imeandaliwa. Kwa kawaida seli T, yaani chembechembe nyeupe zinazoshambuliwa na VVU, huchochewa kwanza kwa PHA, protini itokanayo na maharage, kisha hulishwa interleukini-2, protini ya kukuzia seli hizo, hadi zivimbe na kuanza kugawanyika, wakati mwilini nyingi kati yake zimetulia tuli. Isitoshe, virusi vingi vilivyozoeleka maabarani, NL4-3 ikiwemo, ni vya aina B. Na vipande vya protini vya kupimia mwitikio wa seli za kinga vikitengenezwa kwa kufuata B, mwitikio wa mtu mwenye C huweza kusomeka mdogo kuliko ulivyo.

Lililonishawishi zaidi limetoka maabarani humo humo. Watafiti walipotumia seli za Langerhans za ngozi, zinazokutana na kirusi mapema kinapoingia mwilini, C ilihamia kwenye seli T kwa ufanisi uliokaribiana na ule wa B. Kwa hiyo naona neno “dhaifu” lisiandikwe kuhusu aina hii bila kutajwa, katika sentensi hiyo hiyo, ni seli gani iliyopimwa na ilichochewa kwa kitu gani.