ECMO ije, lakini ubongo wa kichanga utangulie

Wanaotamani Mwanza ipate ECMO, ile mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu ya kichanga, huzungumza sana habari za oksijeni. Ubongo hutajwa mwishoni. Kwa maoni yangu ndio ungetangulia.

Tazama mirija inavyopita. Moyo nao unapohitaji msaada, damu huvutwa kwenye vena kubwa ya shingo upande wa kulia, kisha hurudishwa kupitia ateri ya karotidi ya upande huohuo. Mara nyingi ateri hiyo hufungwa kabisa, na upande wa kulia wa ubongo hubaki kutegemea damu inayozungukia kushoto na nyuma ya shingo. Ongeza heparini, inayozuia damu kuganda mirijani: hatari ya kuvuja damu kichwani inapanda. Ndiyo maana siku za mwanzo kichwa hupimwa kwa altrasaundi kila siku, na kwa kawaida mtoto wa chini ya kilo 2 au wiki 34 haunganishwi.

Dopla, ile altrasaundi inayopima mwendo wa damu, ina mtego wake. Kwa kichanga aliyezaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi, kipimo cha ukinzani wa mishipa huwa karibu 0.7. Pampu ikisukuma damu kwa mkondo usiodunda, namba hushuka hata kama ubongo haujadhurika. Ukiubonyeza utosi kwa probu, kile kifaa cha altrasaundi kinachoshikwa mkononi, hupanda kwa sababu ya mkono wako tu. Linganisha na ya jana kabla ya kutoa hukumu.

Kubwa zaidi ni hewa ukaa. Mashine ikiiondoa kwa kasi, mishipa ya ubongo hujibana na damu inayofika hupungua. Kosa hilohilo halihitaji mashine: kichanga yuko kivukoni akitoka Ukerewe, na mhudumu mwenye hofu anabinya ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa, mara 90 kwa dakika. Zinatosha 40 hadi 60, kifua kinyanyuke kidogo tu. Ahesabu kwa sauti: "binya, mbili, tatu."

Kwa hiyo fedha ya kwanza ningeipeleka kwenye mafunzo ya ambu kwa wanaosindikiza rufaa, na kwenye probu ndogo ya 7.5 MHz, kwa kuwa ile ya wajawazito, ya 3.5 MHz, haichori vizuri picha ya ubongo mdogo. ECMO ifuate, pamoja na wauguzi wa kuikalia saa 24 na mtu aliyefunzwa kuzungusha pampu kwa mkono umeme ukikatika.