Kujiandaa kwa ukaguzi wa AS9100: kazi au maigizo?

Karakana inayotengeneza vipuri vya ndege, hata ikiwa na mafundi wachache tu wanaokereza aluminiamu, itapata tabu kuviuzia viwanda vikubwa bila cheti cha AS9100, kiwango cha mfumo wa ubora kwa watengenezaji wa ndege na vipuri vyake. Si sheria inayokidai. Wateja ndio wanaokidai. Kiwango hiki kilitoka mara ya kwanza mwaka 1999, na toleo la D la mwaka 2016 limejengwa juu ya ISO 9001 ya 2015, kiwango cha ubora cha kampuni za aina zote, kisha likaongezewa mambo yasiyomhusu mtengeneza viatu: usalama wa bidhaa, kuzuia vipuri bandia, kufuatilia kila badiliko la mchoro. Cheti hudumu miaka mitatu, na katikati mkaguzi hurudi kila mwaka.

Wanaobishana katika fani hii hawabishanii kiwango chenyewe. Wanabishania miezi ile ya kabla mkaguzi hajafika: inakinyoosha kiwanda, au inakifundisha kuficha?

Wanaosema ni maigizo wana la kuonyesha. Mkaguzi anakuja kwa tarehe inayojulikana, kwa hiyo kinachofanyika kinafanana na kupaka chokaa mawe ya barabarani waziri anapotembelea wilaya. Mafundi wanakaririshwa sera ya ubora. Wanaambiwa wajibu walichoulizwa na wanyamaze. Mshauri wa kulipwa analeta mwongozo alioutumia kwa mteja aliyetangulia, na akiwa na haraka, jina la kampuni ile nyingine linabaki ukurasa wa nne. Mwisho cheti kinatundikwa mapokezi na droo zinarudi kujaa vurugu.

Mfano wanaopenda kuutaja ni wa Marekani. Tarehe 5 Januari 2024, Boeing 737-9 Max ya Alaska Airlines ilipaa kutoka Portland, Oregon, ikiwa na abiria 171 na wafanyakazi 6. Dakika chache baadaye, juu ya futi 14,000, kifuniko kinachoziba nafasi ya mlango wa dharura kiling'oka na kuacha tundu ubavuni. Hakufa mtu. (Kwetu Afrika Mashariki jina Max linakumbusha zaidi ajali ya Ethiopian Airlines ya Machi 2019, iliyoua watu 157, wakiwemo Wakenya 32, lakini ile ilitokana na usanifu wa ndege, hii ilitoka kiwandani.) Bodi ya uchunguzi, NTSB, ilibaini kuwa bolti nne za kukishikilia kifuniko hazikuwepo. Kiwiliwili cha ndege kilitengenezwa na Spirit AeroSystems mjini Wichita, kikafika kiwanda cha Boeing cha Renton na ribiti (misumari ya kuunganishia mabati) zenye kasoro. Septemba 2023 kifuniko kilifunguliwa ili ribiti zirekebishwe, kikafungwa bila bolti. Ndege ikakabidhiwa, ikaruka mara 154.

Spirit ilikuwa na cheti cha AS9100. Baada ya tukio, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilifanya ukaguzi wake wa wiki sita. Gazeti la New York Times liliripoti Machi 2024 kwamba Boeing ilifeli kaguzi 33 kati ya 89, na Spirit 7 kati ya 13. Kwa Spirit, mafundi walionekana wakitumia kadi ya kufungulia chumba cha hoteli kukagua mpira wa mlango, na sabuni ya maji kuulainisha. Sabuni ya kuoshea vyombo, ndiyo, ile ya jikoni.

Hoja hiyo ni nzito, ila nadhani inathibitisha kitu tofauti na kinachodaiwa. Tatizo la Renton halikuwa hati iliyojazwa vibaya. Hati ya kufungua kile kifuniko haikupatikana kabisa. Mkaguzi anayepitia mafaili mezani hawezi kuona kazi ambayo haikuandikwa popote. Faili litakuwa limenyooka. FAA iliona kadi ya hoteli kwa sababu ilisimama pembeni ya fundi akiwa kazini.

Upande wa pili huanzia hapo. Mkaguzi wa cheti anakaa siku chache na kuangalia sampuli, hawezi kuona kila kitu. Anayeweza ni mwenye kiwanda, na ndiyo maana kiwango chenyewe kinadai ukaguzi wa ndani na kikao cha uongozi cha kuupitia mfumo. Bila tarehe ya mgeni, nani atafungua ile droo? Tuseme humo kuna vanya kalipa, kifaa cha kupimia unene na upana wa vipande, ambayo stika yake ya uhakiki imepita muda. Anayeigiza ataificha kabatini au atabandika stika mpya. Anayejiandaa ataipeleka ipimwe, na ikionekana inasoma vibaya, kazi ndiyo kwanza imeanza: imepima vipande gani tangu ilipohakikiwa mara ya mwisho? Viko stoo au vimeshafika kwa mteja? Mteja ameambiwa? Kalipa moja inaweza kumaliza wiki nzima ya mtu wa ubora, na hiyo ni wiki ambayo mkaguzi kutoka nje asingeipata kamwe.

Kwa hiyo mimi nawaunga mkono wa upande wa pili, kwa sharti moja: maandalizi yaruhusiwe kutoa habari mbaya. Ripoti ya ukaguzi wa ndani isiyo na kasoro hata moja haimpendezi mkaguzi mzoefu, inamtia shaka. Na njia ya kuzipata kasoro ni kuanzia kwenye kipande. Okota kimoja rafuni kisha rudi nacho nyuma: mchoro wa toleo gani, oda ya kazi ipi, chuma cha bechi ipi na cheti chake kiko wapi, kilipimwa na kifaa gani, aliyegonga muhuri alifundishwa lini. Pale uzi unapokatika ndipo pa kushughulikia. Fundi naye aachiwe kusema "sikumbuki, ngoja niangalie kwenye maelekezo ya kazi." Hilo ni jibu halali kuliko sera iliyokaririwa.

Kinacholainishwa mno na watetezi wa maandalizi ni gharama ya ukweli huu. Kampuni ya vyeti inalipwa na huyo huyo anayekaguliwa, na matokeo huingia kwenye kanzidata ya OASIS, ambayo wateja hutumia kuchagua wa kumpa kazi. Karakana ndogo yenye mteja mmoja mkubwa inajua kwamba kasoro kubwa moja inaweza kuyumbisha oda zake za mwaka ujao. Mwenye kiwanda wa namna hiyo akiichagua stika mpya, namwelewa, ingawa kipande kilichopimwa na ile kalipa kiko njiani kuelekea kufungwa kwenye bawa.