Ua la Usambara: tunadai nini hasa, na tunamdai nani?

Chuma jani moja la saintpaulia, kile kiua cha dirishani kiitwacho ua la Usambara, pamoja na kikonyo chake, kichomeke kwenye glasi ya maji, kisha iweke dirishani mahali pasipopigwa na jua kali. Baada ya wiki kadhaa kikonyo kitaota mizizi myembamba kama nyuzi, halafu vijani vidogo vyenye manyoya vitachipuka pembeni yake. Huo ni mmea mpya, pacha wa ule uliochumwa. Ugomvi wote juu ya ua hili umelala hapo. Kitu kinachozaliana kwa jani moja ndani ya glasi utakiwekea geti wapi?

Likitajwa ua hili, watu hugawanyika haraka. Kuna wanaosema tumeibiwa: ua la milima yetu limekuwa biashara ya dunia nzima na Tanga haijaambulia kitu. Wengine wanawajibu kwamba hayo ni malalamiko ya zaidi ya miaka mia, hayana mahakama wala mdaiwa. Mimi naona kila upande una nusu ya hoja.

Tuanze na hao wa kwanza. Mwaka 1892 baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani pale Tanga, alimpelekea baba yake huko Ujerumani ua alilolikuta katika misitu ya Usambara na kwenye miamba karibu na mji. Baba akamkabidhi Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya mimea ya Herrenhausen, Hannover. Mwaka 1893 Wendland akaliandika rasmi kwa jina la Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya familia hiyo. Katika simulizi hii, ambayo wapenzi wa maua huirudia kila mahali, hatajwi Msambaa hata mmoja, kana kwamba baron aliingia msituni peke yake bila wa kumwonyesha njia. Wajerumani hadi leo wanaliita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Mbegu zilivuka hadi California miaka ya 1920, chotara za kwanza zikachaguliwa huko, na kufikia 1946 Wamarekani walikuwa wameshaunda chama cha kulienzi ua hili peke yake.

Wala mambo hayakuishia kwenye furushi moja la baron. Soma majina ya aina zilizoandikwa baadaye, utadhani kondakta anaita vituo vya mkoa wa Tanga hadi Kenya: shumensis ya Shume, magungensis ya Magunga, amaniensis ya Amani, tongwensis ya mlima Tongwe, teitensis ya Taita kule Kenya. Vile vijimea vya kukaa kwenye kikombe cha kahawa vina damu ya ua la Shume. Vile vinavyoning'inia vina damu ya aina ya grotei, inayotambaa miambani Amani. (Kwa kejeli ya historia, mwaka 2015 wataalamu waliochunguza vinasaba waliliingiza kundi zima ndani ya jenasi, yaani jamii kubwa zaidi ya mimea, iitwayo Streptocarpus. Jina la baron si jina la jenasi tena, Shume bado ipo.)

Upande wa pili nao una jibu, na jibu lenyewe linaota shambani Tanga. Mwaka huohuo wa 1893, Mjerumani mwingine, Richard Hindorf, alileta miche ya mkonge katika pwani hiyohiyo. Asili ya mkonge ni Mexico, na miche yake ilipitia Florida. Kati ya elfu moja iliyotumwa, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Kutokana na hiyo 62 likazaliwa zao lililoifanya Tanganyika mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Yucatán, jimbo la Mexico, haikupata senti. Ongeza chai iliyofunika milima ya Amani, iliki, na mahindi tunayosaga kila siku: yote hayo yametoka kwa wenzetu. Tukifungua daftari la madeni ya mimea, tujiandae kusoma kurasa zote.

Hoja hiyo ni nzito, ila hainitoshi. Furushi la kutoka na miche ya kuingia vilipita katika mkono uleule wa mkoloni. Msambaa hakuuza ua na hakununua mkonge. Alichokuja kukipata ni kazi ya kukata mkonge kwenye mashamba ya watu, yeye na manamba walioletwa kutoka mbali. Kusema ngoma ni droo ni kusahau nani alikuwa anashika daftari.

Kisheria, hata hivyo, mlango wa nyuma umefungwa. Mkataba wa Bioanuwai wa 1992 ndio uliotamka kwamba nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake za kijenetiki, na Itifaki ya Nagoya ya 2010 ikaweka utaratibu wa kugawana faida. Vyote viwili vinatazama mbele. Mmea uliokwisha kuondoka na kuzaa maelfu ya chotara haurudishwi na karatasi hizo. Kinachodaiwa ni kile ambacho bado kiko mwambani.

Na kipo, japo kidogo. Huko msituni hulikuti limejaa maua kama la dirishani. Utaliona limejibandika kwenye jabali lenye ukungu wa kijani, karibu na kijito, mizizi imeshika ufa wenye udongo usiozidi kijiko. Maua machache ya zambarau, katikati vifuko viwili vya njano. Kwa kuwa jabali halilimwi, ungedhani liko salama. Lakini ukate mti uliokuwa unalifunika, jua la saa sita lipige jiwe, na majani yatababuka bila mtu kuyagusa.

Kwa hiyo mali inayogombewa kwa kweli ni kivuli, na kivuli kina gharama. Usambara Mashariki iliki hulimwa chini ya miti ya msituni: mkulima anafyeka vichaka, anapunguza matawi, anavuna miaka kadhaa, udongo ukichoka anasogea. Iliki ndiyo ada ya shule. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ili kuunganisha vipande vya msitu pale Derema, karibu hekta 960, wakulima zaidi ya elfu moja walitakiwa kuacha mashamba yao ya iliki kwa fidia, na malalamiko kuhusu kiasi na ucheleweshaji yalidumu miaka. Msitu umenusurika. Maji ya mto Zigi yanaendelea kushuka hadi bwawa la Mabayani na kuingia kwenye mabomba ya Tanga. Anayefungua bomba mjini hajui kwamba kuna mtu aling'oa iliki yake.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaoelekeza kidole Hannover peke yake. Vijiji vya Amani viliwahi kupata njia ya kula na msitu bila kuukata: walifuga vipepeo na kuuza pupa, yaani mabuu yaliyojifunga ganda, kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 Serikali ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, vipepeo wakaingizwa kwenye kapu hilohilo na biashara ikakwama. Uamuzi huo haukutoka kwa baron.

Ningeshika mambo mawili. Atakayechukua jani au mbegu mwambani leo, awe mtafiti au kampuni, asaini mkataba unaotaja kijiji chenye jabali hilo na fungu lake, si wizara tu. Na vikundi vya vijiji vipewe kibali cha kuotesha vitalu kutokana na majani machache yaliyochumwa kwa usimamizi, bila kung'oa mmea hata mmoja, wauze vyungu kwenye lango la hifadhi ya Amani. Mtalii wa Hannover, ambaye bibi yake analo dirishani, atalinunua palepale linakotoka, na kwenye chungu pameandikwa jina la kijiji.