Raha ya bahari tusiwaachie watalii

Mkazi wa Dar es Salaam ukimuuliza mara ya mwisho alipanda chombo cha majini lini, atakutajia pantoni. Ukimbana zaidi atakutajia boti ya Unguja, na hapo alikuwa anakwenda msibani au harusini. Kupanda boti kwa ajili ya raha tu, bila mzigo wala safari, tumeamua wenyewe kwamba ni mambo ya Wazungu na ya watoto wa Masaki. Ndiyo maana Jumapili jioni Coco Beach inafurika watu wanaokula mihogo wakiwa wameipa bahari mgongo.

Mimi ni mtu wa Kigamboni, kazi yangu iko mjini, na lango la bandari nalivuka asubuhi na jioni nikiwa nimebanana na bodaboda, matenga ya nyanya na wanafunzi. Hivi karibuni nimepanda boti ya jeti ikanizungusha baharini mpaka kitambaa cha kichwa kikaruka, na tangu siku hiyo nina maoni ambayo nyumbani wamechoka kuyasikia. Nayamwaga hapa.

Kwanza chombo chenyewe, maana wengi wakisikia jeti wanafikiria jetski, ile pikipiki ya majini. Hii ni boti kamili, ina viti vya safu na vyuma vya kushika. Tofauti yake iko chini. Boti zetu za faiba zina injini imening'inia nyuma na propela inazunguka nje, ndani ya maji. Ya jeti, chini hakuna kinachozunguka nje. Injini iko ndani, inaendesha pampu, na pampu hiyo inafyonza maji kupitia tundu lenye nondo za kuchuja kwenye sakafu ya boti, inayasukuma kwa kasi, kisha inayatema nyuma kupitia mdomo mwembamba. Maji yakitemwa nyuma, boti inakwenda mbele. Ukikata usukani, unaugeuza ule mdomo. Ukitaka kusimama, kuna kibakuli cha chuma kinashushwa nyuma ya mdomo na kuyarudisha maji mbele, na boti iliyokuwa inakimbia inasimama mpaka unahisi utumbo umefika kabla yako.

Aliyeifanya teknolojia hii ikubalike ni William Hamilton wa New Zealand, mfugaji na fundi wa mitambo, miaka ya 1950. Hakuwa anatafuta burudani hata kidogo. Mito ya kwao ina mawe na kina kifupi, propela ingekatika mapema, naye alitaka chombo cha kupanda nacho mto. Mwaka 1960 boti za namna yake zilipanda Mto Colorado huko Marekani, zikipita Grand Canyon kutoka chini kwenda juu, kitu ambacho hakikuwahi kufanyika. Raha ilikuja baadaye. Watu wa Queenstown, mji wa hukohuko New Zealand, waliona kwamba mtu yuko tayari kulipa ili apitishwe kwa kasi kando ya mwamba, azungushwe, aloweshwe, kisha ashuke anacheka. Leo hata katikati ya bandari ya Sydney biashara hiyo ipo.

Niliyopanda mimi si ya biashara. Ni ya mtu binafsi anayefahamiana na shemeji yangu, inafungwa upande wa Msasani, na nahodha wake ni kijana wa Mbwamaji ambaye wote wanamwita Kapteni, hata mwenye boti. Tulikwenda na mama mdogo, ambaye mpaka tunafika ufukweni alikuwa ameshakubali. Kapteni akamwamkia vizuri, "Shikamoo mama," akaitikiwa "Marahaba baba," akampa laifu jaketi. Mama mdogo akalishika, akaligeuza, akaitazama boti, akanirudishia.

"Nendeni. Mimi nitakaa na mikoba."

"Mama, kila mtu ana jaketi lake na kiti chake."

"Hata wale waliozama 2012 walikuwa na tiketi."

Hapo sikuwa na la kumjibu. Nitairudia hoja yake, kwa sababu mtu anayeandika kusifia boti za kasi hapa kwetu akaikwepa, huyo anauza kitu.

Tulitoka taratibu katikati ya mashua zilizotia nanga, tukaizunguka rasi ya Msasani, na Kapteni alipoona mbele kweupe akakanyaga mafuta. Pua ikapanda, kisha ikalala, boti ikaacha kupasua maji ikaanza kuteleza juu yake. Kilomita 70 au 80 kwa saa barabarani si kitu, dereva wa basi la mkoani atakucheka. Majini, ukiwa umekaa karibu na uso wa bahari na upepo unakuvuta mashavu, ni habari nyingine. Kila wimbi dogo unalisikia mgongoni. Chumvi inaingia machoni, mdomo ukifungua unakunywa. Coco Beach ikapita kabla sijaitambua.

Tulipolikaribia Daraja la Tanzanite ambapo Msimbazi unaingia baharini, injini ikaanza kupiga kelele na boti ikazidi kupungua mwendo. Shemeji akaanza kuuliza maswali ya kiume kuhusu mafuta. Kapteni hakujibu. Alizima, akaenda nyuma, akafungua kifuniko kidogo, akaingiza mkono mpaka begani na shavu lake likalala juu ya chuma, macho yametazama angani kama daktari wa wanyama kazini. Akavuta. Kikatoka kipande cha kiroba cha salfeti, kirefu, kimesokotwa na uzi wa wavu wa kijani. Akakitupia miguuni kwetu badala ya kukirudisha baharini, jambo lililonifanya nimpende.

Huo ndio udhaifu wa pampu: inafyonza maji na vilivyomo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na ni kweli imepungua, ila Msimbazi haujasoma tangazo. Mvua ikinyesha, kila kilichotupwa huko juu kinashuka kuja kutusalimia. Anayetaka kuanzisha biashara ya boti za jeti hapa mjini ataikuta gharama hiyo kabla ya gharama ya petroli, na petroli yenyewe inanyweka si mchezo.

Akawasha tena. Tulipofika nje kabisa, mbali na kila kitu, akainua mkono akachora duara hewani kwa kidole.

"Shikeni chuma. Dada, na wewe, simu weka ndani."

Alikata usukani huku mafuta bado yamekanyagwa. Pua ikainama, mkia ukapitiliza, na mji mzima ukapita mbele ya macho yangu kutoka kulia kwenda kushoto: Tanzanite, Ocean Road, meli zilizokuwa zinasubiri zamu nje, ufukwe wa Kigamboni, bahari tupu, halafu Tanzanite tena. Ukuta wa maji ukapanda upande wa shemeji ukamwangukia. Nilimsikia akisema "La ilaha illallah" kwa sauti ambayo hata Ijumaa sijawahi kuisikia kwake. Boti ilipotulia tulikuwa tunatazama tulikotoka, na mimi nilikuwa nacheka kile kicheko cha mtoto aliyebembezwa juu sana.

Nikamwuliza Kapteni kwa nini hakupunguza mafuta kwenye kona. Akanipa somo ambalo sikulitarajia. Boti hii, akasema, usukani wake ni maji yanayotoka nyuma. "Ukiachia mafuta haikusikilizi tena. Mtu mgeni akiona mtumbwi mbele anashtuka, anaachia, halafu anashangaa boti inakwenda moja kwa moja kuugonga." Ni sawa na kwenye jetski, na ni kinyume cha alichofundishwa kila dereva wa gari. Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anasema jetski haihitaji mafunzo, namkimbia.

Kisha tukaingia lango la bandari, na hapa ndipo maoni yangu yanapoachana na ya shemeji.

Yeye anaona raha yote ingefanyika humo ndani, mbele ya watu, Kivukoni, ili mji uone. Mimi nasema humo ndani hapana. Kapteni aliongea na bandari kwa redio, akashusha mwendo kabisa, tukaingia kwa adabu. Kulia soko la samaki, moshi wa vikaango, mashua zimebanana. Na kwa kuwa jirani yake ni Ikulu, simu ziliendelea kukaa mifukoni bila kuambiwa. Kushoto kwetu Kigamboni. Katikati pantoni inakatiza, inarudi, inakatiza. Pantoni kama MV Magogoni imetengenezwa kubeba abiria 2,000, na haiwezi kukukwepa kama bajaji. Nyuma yake inaweza kuja meli ya makontena, rubani wa bandari yuko juu, njia ni nyembamba, na meli kubwa ikishaingia kwenye mkondo haina breki ya kukusaidia wewe uliyekuja kucheza. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yanayoingia na kutoka langoni hapo yanakwenda mbio yenyewe. Na kuna wavuvi wa mitumbwi, mtu mmoja na kasia lake, ambaye wimbi la boti yako linamfikia wewe ukiwa umeshasahau kwamba ulipita.

Hata hivyo kule kuingia polepole ndiko kulikonipa kitu ambacho pantoni haijawahi kunipa. Kwenye pantoni unatazama geti. Humo kwenye boti nilikuwa nimelowa, moyo bado unadunda, nimekaa chini karibu na maji, na nikaona makanisa yale mawili ya enzi za Wajerumani, Azania Front na Mtakatifu Yosefu, yakiwa yameegemewa na maghorofa ya vioo. Nikaona jinsi ghuba inavyokunja kona kuelekea Kurasini ikajificha kabisa na bahari. Nilielewa kwa macho kwa nini Sultani Majid alipatamani hapa miaka ya 1860. Nimeishi jirani na lango hili utu uzima wangu wote. Kwa hiyo pendekezo langu ni hilo: kasi na mizunguko viwe nje, ndani ya bandari watu wapelekwe taratibu wauone mji wao, tena kwa ruhusa. Na visiwa vya Bongoyo, Mbudya na vile vingine vya hifadhi viachwe na matumbawe yao. Bahari ni kubwa, huna haja ya kuzungukia juu ya makazi ya samaki.

Sasa mama mdogo. Julai 18, 2012, MV Skagit iliondoka hapa Dar kwenda Unguja ikazama karibu na Chumbe, na jirani yake alikuwamo. Hata mwaka ulikuwa haujaisha tangu MV Spice Islander izame Septemba 2011 ikielekea Pemba. Mtu wa pwani aliyeyaona hayo akisema bahari haichezewi, usimwite mshamba.

Ila tuangalie ni nini kiliwaua wale watu. Spice Islander ilikuwa imebeba watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Skagit ilikuwa boti iliyofanya kazi miaka mingi kwenye maji ya ndani ya jimbo la Washington, Marekani, ikaletwa kwenye mkondo wa Zanzibar, ikakutana na upepo wa mwezi wa saba. Kujaza kupita kiasi, chombo kisicho cha bahari hii, na kutoka siku ambayo haikufaa kutoka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotokana na raha. Vyote ni vya usafiri wa kawaida, ule tunaoupanda bila kuuliza kwa sababu tunawahi. Mimi mwenyewe kwenye pantoni sijawahi kumwuliza mtu laifu jaketi liko wapi. Kwenye boti ya jeti nilivalishwa na kukazwa kamba kabla sijakaa, na abiria wa ziada hana pa kushika. Mtu anayekwenda kutafuta msisimko anaikagua boti kuliko mtu anayekwenda kazini, na natamani ukaguzi huo tuurudishe nao kwenye vivuko.

Vilevile wengi wetu hatujui kuogelea, tumezaliwa mita chache kutoka majini. Hofu ya mama mdogo imetulinda na imetufungia. Watoto wa Kigamboni wanaojua kuogelea ni wale waliojifundisha wenyewe kwa kuruka gatini na kukimbizwa na walinzi.

Kwa atakayeianzisha biashara hii, nina machache. Bei ya mwenyeji ijulikane na iandikwe ukutani, isizidi kuku mzima na chipsi zake pale Coco, na safari iwe fupi, maana dakika 20 zinatosha kumlowesha mtu na petroli utaimudu. Nahodha awe mtu wa bahari hii, anayejua kupwa na kujaa bila kutazama simu. Ukaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, uwe wa kweli, cheti kibandikwe mahali abiria anakiona. Wanawake wa mitandio wapewe pini mapema. Na wewe abiria, siku ambayo kusi limechacha na Kapteni amekataa kutoka, usimbembeleze wala usimwongezee hela. Chukua chenji yako, kula muhogo, njoo siku nyingine.