Anayesema Jodari ni wa Mombasa Hajamtazama Mbuta

Wiki iliyopita nilikuwa nasikiliza kipindi cha asubuhi kwenye redio moja ya hapa Kisumu. Mpigaji simu kutoka upande wa Usenge akauliza swali zuri sana: mbona kwa jodari wa baharini kuna mipango ya miaka na miaka, na sisi wa Ziwa Victoria tunachosikia ni "fungeni" na "fungueni" tu? Mgeni wa studio, mtu mzima anayeheshimika katika mambo ya uvuvi, akamjibu: "Omera, jodari ni mambo ya Mombasa. Sisi tushughulike na omena yetu." Alimaanisha dagaa wetu wa ziwa. Kikafuata tangazo la biashara, na swali likazikwa hapo.

Jibu hilo limenikera mpaka leo. Yule mvuvi aliuliza swali ambalo viongozi wetu wangepaswa kuwa wamelijibu miaka ishirini iliyopita, akatumwa nyumbani kama mtoto.

Kwanza, jodari si wa Mombasa peke yake. Ingia supamaketi yoyote hapa mjini, chukua kopo la tuna, ligeuze usome maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi utakuta limeandikwa Katsuwonus pelamis. Huyo ni sehewa, jodari mdogo mwenye michirizi tumboni, na ndiye anayejaza makopo mengi duniani. Tunamla hapa hapa, wanafunzi wa vyuo wanampika na tambi, halafu tunaambiwa hatuhusiki.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba baharini wenzetu wameanza kufanya jambo ambalo ziwa letu linalililia, na hata pale walipokosea, makosa yao yana funzo kwetu.

Jambo hilo linaitwa mkakati wa mavuno. Ukifanywa sawasawa huenda hivi. Watu huketi mapema, samaki wakiwa bado wapo, wakaandika: tunataka wabaki kiasi gani majini, wakipungua mpaka hapa tunapunguza uvuvi, wakishuka mpaka kule chini tunaacha. Kisha kanuni hiyo inajaribiwa kwenye kompyuta mara nyingi mno, kwa takwimu mbovu, kwa miaka ya joto, kwa wavuvi wasiosema ukweli, ionekane kama itawaokoa samaki au itawamaliza. Ikifaulu ndipo inapitishwa. Tangu hapo kiasi cha kuvua hakitoki kwa waziri wala kwa mwenye meli. Kinatoka kwenye kanuni, hata mwaka ambao hakuna anayefurahia jibu lake.

Kila mwanachama wa chama cha kuweka akiba na kukopeshana analielewa hili bila kufundishwa. Katiba ya chama huandikwa Januari, kabla yeyote hajakopa. Ukingoja mpaka mtu ashindwe kulipa ndipo muanze kujadili faini, hamtajadili faini, mtajadili undugu.

Kwa sehewa wa Bahari ya Hindi, kanuni ya namna hiyo ilipitishwa mwaka 2016 na Tume ya Jodari wa Bahari ya Hindi, ile yenye makao yake Shelisheli na ambayo Kenya ni mwanachama wake. Waliosukuma sana ni Maldivi, watu wanaovua sehewa kwa fimbo na ndoano, mmoja mmoja, na wanaojua samaki huyo akiisha hawana pa kukimbilia. Lengo likawekwa kwamba sehewa wabaki asilimia 40 ya wingi waliokuwa nao kabla ya uvuvi. Wakishuka chini ya hapo, uvuvi unapunguzwa, na wakifika asilimia 10, uvuvi wa biashara unafungwa. Kanuni ilipopigiwa hesabu ikatoa tani 470,029 kwa mwaka, kuanzia 2018 hadi 2020.

Mwaka huo huo wa kwanza, 2018, wakavua zaidi ya tani 600,000.

Hapa ndipo nataka watu wa ziwa wasimame nami kidogo. Walikuwa na sayansi nzuri na kanuni iliyopimwa, na nchi zote zilikuwa zimekubali. Kilichokosekana ni kitu kimoja: hakuna aliyeandika nani anapata tani ngapi. Kila nchi ilitazama jumla ile ikaona ni ya mwenzake kuilinda. Jumla isiyo na mafungu haimfungi mtu. Mwenye meli kubwa anasema wadogo ndio wengi, mdogo anasema mkubwa ndiye anayemaliza, na wakati wanabishana nyavu ziko majini.

Linganisha na jodari wa macho makubwa. Huyo alipata kanuni yake mwaka 2022. Ilipopigiwa hesabu ikasema tani 80,583 kwa mwaka 2024 na 2025, yaani asilimia 15 chini ya walichovua 2021. Mara hii, kabla ya mwaka 2024 kuingia, wakakaa wakagawana, wavuvi wakubwa kila mmoja na fungu lake. Kulikuwa na kelele nyingi, lakini ikawezekana. Na kanuni yenyewe ina huruma ndani yake: haiwezi kupunguza wala kuongeza zaidi ya asilimia 15 kwa mara moja, ili mvuvi asilale na kazi akaamka hana.

Anayedhani haya ni ndoto za wasomi amtazame jodari wa kusini, yule anayezaa kusini ya Java na anayeuzwa Japani kwa bei ya kutisha. Alikuwa ameshuka mpaka kama asilimia 5 ya wingi wake wa zamani. Mwaka 2011 tume yake ikapitisha kanuni ya aina hii na ikaifuata. Tathmini ya 2020 ikamkuta asilimia 20. Huyo ni samaki aliyekuwa anazikwa, na bado watu wanavua.

Sasa turudi nyumbani. Sisi Kenya tuna takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili, Uganda na Tanzania wana zilizobaki. Mbuta, yule sangara, hajui Migingo, kile kisiwa tunachogombania na Uganda, ni cha nani. Tuna shirika la nchi tatu pale Jinja, tuna watafiti hapa Kisumu, tuna meli za kupima samaki kwa mawimbi ya sauti. Tuna hata vipimo: mbuta wa kuvuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85, wadogo waachwe wakue, wakubwa waachwe wazae. Vipimo vizuri. Lakini ni kipimo cha samaki mmoja mmoja. Hakuna mahali mvuvi wa Sori ameonyeshwa karatasi isemayo: upimaji ukikuta mbuta wamepungua kufikia kiwango hiki, mitumbwi itapungua kwa kiasi hiki, kwa kila nchi, kuanzia mwezi huu.

Kwa hiyo kinachobaki ni kumkimbiza mtu mwenye rula. Nimesimama ufuoni nikaona mbuta akilazwa kwenye ubao wa kupimia, mkia ukavutwa na kuvutwa ufike hamsini, na samaki alikuwa na arobaini na tatu. Yule kijana hakuwa mwizi. Alikuwa na deni la petroli ya usiku huo. Na ufuo huo huo mbuta mkubwa kupita kiasi hapati hata wa kumpima, maana bondo lake, kile kibofu cha hewa cha tumboni, tayari lina mnunuzi, na bondo siku hizi lina thamani kupita mnofu. Mama mzazi wa samaki maelfu anapasuliwa kwa ajili ya bondo, mnofu unakwenda kiwandani, na sisi tunanunua mgongo wazi, mifupa iliyobaki, sokoni Kibuye, uliokaangwa mpaka ukakauka.

Na omena? Kila mwaka kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai omena hufungwa upande wetu. Mimi naunga mkono kufunga. Lakini kila Machi ni vuta nikuvute ile ile: wazee wa BMU, zile kamati za wavuvi za kusimamia ufuo, wanalalamika, wanasiasa wanaahidi kuongea na wizara, akina mama wanaouza kwa gorogoro wanauliza karo ya muhula wa pili itatoka wapi, na mvuvi anamwona jirani wa ng'ambo akiwasha taa zake usiku na kuvua. Mtu anaombwa kujinyima bila kuambiwa ni kiasi gani cha omena kinatafutwa, wala kikipatikana yeye atarudishiwa nini.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba takwimu zetu ni chache kuliko za meli za baharini, ambazo hubeba mitambo ya kuzifuatilia na baadhi yake waangalizi. Lakini hizo kanuni zinajaribiwa dhidi ya takwimu mbovu makusudi. Uchache wa takwimu unatudai kanuni yenye tahadhari zaidi.

Nakubali pia kwamba baharini hakujatulia. Februari 2023, pale pale Mombasa, tume ilipiga kura kuzuia kwa siku 72 kila mwaka yale maboya yanayoelea ya kuvutia samaki, ambayo chini yake hukusanyika watoto wa jodari wa mapezi ya njano pamoja na sehewa, wakazolewa wote. Umoja wa Ulaya na nchi nyingine kadhaa wakapinga, kwa sababu sheria za tume zinaruhusu nchi kupinga na kutofungwa na uamuzi. Kipengele hicho kingekuwa mikononi mwangu ningekifuta leo. Na wanaonitajia tathmini ya 2024 kwamba mapezi ya njano ametoka hatarini, nimeisikia na nimefurahi. Ila tangu 2015 tulikuwa tunaambiwa amevuliwa kupita kiasi, mpango wa kupunguza ukaandikwa 2016, na uvuvi ukapanda badala ya kushuka. Siwezi kuita huo ushindi wa mpango.

Ninachotaka ni mambo mawili, na nayasema kwa moyo wote. Ujumbe wa Kenya unapokwenda kwenye vikao vya jodari, msimamo wake utangazwe kabla, Kisumu na Busia wausome sawa na Lamu, kwa sababu ni nchi moja inayopiga kura. Na pale Jinja, nchi tatu ziandike kanuni ya mbuta na ya omena sasa, wakati bado kuna mbuta wa kuandikia, na ziandike mafungu ya kila nchi kwenye ukurasa ule ule. Kanuni itakayokuja bila mafungu itaishia kama ile ya sehewa mwaka 2018, na atakayelaumiwa ni kijana wa ufuoni mwenye samaki wa sentimita arobaini na tatu.

Ndugu yangu wa Usenge, swali lako lilikuwa sahihi. Kikao cha BMU yenu kikifika, liulize tena: samaki wakipungua kufikia kiasi gani, nani anapunguza nini, na kwa kiasi gani? Liingizwe kwenye kumbukumbu za kikao. Mimi nimeliandika kwa barua kwa idara ya uvuvi ya kaunti, na jibu lao nitaliweka hapa neno kwa neno.