Datsun 240Z na injini ya L28: nani hasa anaiharibu?

Chini ya boneti ya Datsun 240Z, gari la michezo la Nissan la mwanzoni mwa miaka ya 1970, zile zilizouzwa Marekani zina kibamba kinachotaja ukubwa wa injini, cc 2,393, na nguvu zake: farasi 151 kwa mizunguko 5,600 kwa dakika. Namba hiyo imewagombanisha wapenzi wa gari hili kwa miaka mingi. Mwenye gari akisema tu kwamba anataka kutoa injini yake ya L24 na kufunga L28 ya 280Z, gari lililoirithi 240Z, atajibiwa papo hapo kwamba anaiharibu, tena kwamba 280Z ya mwaka 1975 ilitangazwa kuwa na farasi 149. Sasa anabadilisha ili apate nini?

Jibu hilo linaonekana limefunga mjadala, lakini linalinganisha vipimo viwili tofauti. Farasi 151 zilipimwa kwa utaratibu wa zamani wa Marekani, injini ikiwa peke yake kwenye kipimio, haikuvuta hewa kupitia chujio lake wala kutoa moshi kwa ekzosi ya gari. Farasi 149 za 280Z zilipimwa kwa utaratibu mpya, injini ikiwa imebeba vifaa vyake vyote. Ukiipima L28 hiyohiyo kwa mtindo wa zamani unapata farasi 170. Kwa hiyo tofauti ya kweli ni takriban farasi 20, tena si hizo tu. Silinda zimepanuliwa kutoka milimita 83 hadi 86, na mwendo wa pistoni umeongezwa kutoka 73.7 hadi 79. Faida ya hapo dereva huisikia kwenye mizunguko ya chini, anapotoka kwenye kona au anapopanda mlima, mahali ambapo kibamba hakisemi lolote.

Kuna na jambo la uzito. 280Z ilipofika sokoni ilikuwa imebeba bampa nzito zilizotakiwa na sheria za Marekani, ikakaribia kilo 1,300. 240Z ilikuwa na kama kilo 1,050. Waliopata kuiendesha 280Z wakaiona nzito waliilaumu injini, kumbe injini ilikuwa inavuta mzigo ambao 240Z haikuwahi kuubeba.

Wanaotetea L24 wana hoja, na nzito. Gari ambalo namba ya injini bado inalingana na ile ya kwenye kibamba haliwezi kutengenezwa upya. Januari 2020, 240Z ya mwaka 1971 iliyotunzwa vizuri iliuzwa Marekani kwa dola 310,000. Anayelifungulia spana gari la namna hiyo anapoteza kitu ambacho hakuna fundi atakayekirudisha. Isitoshe, L24 inapanda mizunguko kwa wepesi unaopendeza, na wapo wanaouthamini wepesi huo kuliko nguvu.

Ila magari mengi yaliyobaki si ya aina hiyo. Na hoja kwamba kubadilisha injini ni kuisaliti 240Z inagongana na historia ya Nissan yenyewe. Japani, ambako kodi ya magari yenye injini ya zaidi ya cc 2,000 ilikuwa kubwa, bodi hiyohiyo iliuzwa ikiitwa Fairlady Z na injini ya L20 yenye farasi 130, na toleo lake la kasi, Z432, likapewa injini ya S20 ya farasi 160. Bodi hii haikuumbwa kwa ajili ya injini moja. L20, L24, L26 na L28 ni ndugu wa tumbo moja: L28 inakaa kwenye nafasi ya L24 na inapokea gia boksi ileile bila kukata chuma popote.

Wengine huitaja Safari Rally, ambayo 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha mwaka 1973 ikiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ushindi huo ni fahari ya Afrika Mashariki, ila hauwasaidii. Magari yale ya kiwanda yalikuwa na L24, ni kweli, lakini zilizoandaliwa hadi kuvuka farasi 200.

Kinachonishangaza zaidi ni kabureta. 240Z za mwaka 1973 zilitoka na kabureta mpya za kupunguza moshi, ambazo zilisumbua kuwaka injini ikiwa moto. Wenye magari walizitoa wakafunga za miaka ya nyuma, na mpaka leo hata watetezi wakali wa uasilia hufanya hivyo bila kuitwa waharibifu. Kama kabureta inaruhusiwa, L28 inakatazwa kwa sheria ipi?

Mpaka wangu uko kwenye RB26, injini ya Nissan Skyline GT-R yenye tabo mbili. Kuifunga hiyo kunadai mabadiliko makubwa, na unachoendesha baadaye ni gari jingine. Hata kwa L28 kuna mambo ya kuheshimu. Silinda hedi ya E31 ya 240Z za mwanzo, ikiwekwa juu ya bloki ya L28 yenye pistoni bapa, hubana mchanganyiko kiasi kwamba petroli ya kawaida inaifanya injini igonge. Breki zitangulie nguvu. Wengi hufunga kalipa za Toyota Hilux 4x4 zenye pistoni nne, na zinafaa. Na L24 iliyotolewa ipakwe oili, ifunikwe na ibaki mali ya gari hilohilo, kwa sababu boliti zilezile zilizoishika zitaishika tena siku atakapokuja mwenye kuitaka.